Kudungwa Dawa ya Kutuliza Mshipani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wiki Mbili Kabla Hadi Kesho Yake

Kuna shughuli za hospitali ambazo hazihitaji kulazwa, lakini si rahisi mtu kuzivumilia akiwa macho: kamera kushushwa tumboni kupitia kooni, kamera ya utumbo mpana, gego la mwisho lililofukiwa kwenye ufizi, kiungo kilichoteguka kurudishwa mahali pake, jipu kubwa kutumbuliwa. Kwa shughuli kama hizi hudungwa dawa ya kutuliza kwenye mshipa. Unasinzia, maumivu yanapungua, na mara nyingi hukumbuki kilichopita.

Hii si nusu kaputi kamili, na hapo ndipo yanapotoka karibu masharti yote utakayopewa. Kwenye nusu kaputi kamili, mara nyingi mtaalamu hupitisha mpira kwenye koo la hewa, mashine ikasaidia kupumua, na mpira huo ukazuia matapishi yasiingie mapafuni. Hapa hakuna mpira. Unapumua mwenyewe, njia ya hewa iko wazi, na dawa imeshalegeza ule mshtuko wa kupaliwa na kukohoa unaotukinga kila siku. Chakula kikipanda kutoka tumboni, kinaweza kushukia mapafuni bila wewe kujua. Kwa hiyo usalama wako, kwa sehemu kubwa, unatengenezwa nyumbani: kile ulichokula, dawa ulizomeza, na ukweli utakaomwambia daktari.

Dawa zenyewe ni zipi

Inayotumika sana ni midazolam. Kwa mtu mzima mwenye afya daktari huanza na miligramu 1 au 2, anaisukuma polepole, anangoja dakika mbili au zaidi aone imefanya nini, ndipo aongeze kidogo kidogo. Mzee hupewa pungufu sana, kwa sababu kipimo kinachomtuliza kijana kinaweza kumlaza mzee usingizi mzito. Midazolam haiondoi maumivu, hivyo mara nyingi huambatana na fentanyl, ambayo hupimwa kwa mikrogramu. Zikiwa pamoja nguvu yake huzidi hesabu ya moja na moja, na hapo ndipo pumzi hupungua. Hizi mbili zina dawa za kuzizimua: flumazenil kwa midazolam, naloxone kwa fentanyl.

Propofol ile nyeupe ya maziwa hufanya kazi ndani ya dakika moja na kuisha haraka, lakini haina dawa ya kuizimua, na mpaka wake kati ya kutulia na kuacha kupumua ni mwembamba. Inahitaji mtaalamu wa usingizi asiye na kazi nyingine isipokuwa wewe. Ketamine hutumika sana kwa watoto na kwa mifupa. Mtu anaweza kubaki macho wazi bila kuona, mate yakaongezeka, na akizinduka akaona au kusema mambo ya ajabu kwa muda. Mzazi akilijua hilo mapema hatababaika.

Wiki mbili kabla: orodha ya dawa

Chukua karatasi uandike kila kitu unachomeza, kujidunga, kuvuta au kutafuna. Bora zaidi, tia paketi zote kwenye mfuko uende nazo kliniki. "Ile nyeupe ndogo ya presha" haimsaidii daktari, maana ziko nyingi na kila moja ina amri yake.

Dawa za presha za jamii ya atenolol, bisoprolol na carvedilol humezwa asubuhi ya siku yenyewe, kwa funda moja la maji. Kuziacha ghafla kunaweza kuufanya moyo uende mbio. Amlodipine nayo kwa kawaida huendelea. Losartan, enalapril na ndugu zao, pamoja na dawa za kukojoza kama hydrochlorothiazide na furosemide, huenda ukaambiwa uziruke asubuhi hiyo, kwa kuwa mtu aliyefunga na kukaukiwa maji presha yake huporomoka dawa ya kutuliza ikiingia. Uliza kwa jina la kila dawa. Dawa za kifafa, za tezi ya shingo na pampu ya pumu haziachwi. Pampu uende nayo mkononi.

Kisukari kinataka uangalifu zaidi. Metformin, glibenclamide, gliclazide na glimepiride haziliwi asubuhi unayofunga. Empagliflozin na dapagliflozin husimamishwa siku 3 kabla, kwa sababu mtu aliyefunga akizitumia anaweza kupata sumu ya asidi damuni hata kama kipimo cha sukari kinaonyesha iko sawa. Insulini ya muda mrefu ya usiku kwa kawaida hupunguzwa kidogo tu, haiachwi. Ile ya kabla ya chakula haidungwi kama hakuna chakula. Wanaotumia ya kuchanganya, ile ya 30/70, wapewe kipimo chao na daktari kwa maandishi, wasikisie. Omba uwekwe wa kwanza asubuhi. Sukari ikishuka chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) ukiwa umefunga, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, unywe, pima tena baada ya dakika 15, kisha ukifika uwaambie ulichokunywa na saa ngapi. Usikae na sukari ya chini kwa kuogopa kuvunja sharti.

Sindano za kila wiki za kisukari au kupunguza mwili, kama semaglutide, huchelewesha tumbo kumwaga chakula. Mtu anaweza kufunga saa nane zilizoamriwa na bado akakutwa na wali wa jana. Zitaje mapema, angalau wiki mbili kabla, ili daktari aamue kama utaruka dozi moja au utakaa na vinywaji vyepesi tu siku nzima ya kabla.

Za kuzuia damu kuganda (warfarin, clopidogrel, rivaroxaban, apixaban, aspirini) usiziguse kwa uamuzi wako. Aspirini mara nyingi huendelea. Warfarin ikihitajika kusimamishwa huwa ni kama siku 5 kabla, na kipimo cha damu hurudiwa. Aliyewekewa kifaa cha kutanua mshipa wa moyo na akaacha clopidogrel kwa ushauri wa jirani yumo hatarini kuliko yule atakayetokwa na damu kidogo.

Kuna kundi ambalo watu husahau, na wengine huona haya kulitaja. Baadhi ya dawa za ARV, hasa zenye ritonavir au cobicistat, hufanya midazolam ikae mwilini muda mrefu mno, ukalala saa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Dolutegravir haina tatizo hilo. Clarithromycin, iliyomo kwenye vifurushi vya kutibu vidonda vya tumbo, nayo huikoleza midazolam, na wanaoenda kupigwa kamera ya tumbo ndio hao hao wanaopewa vifurushi hivyo. Rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume, dawa ikawa haikolei. Daktari akijua, hurekebisha kipimo au hubadilisha dawa, basi. Kama hutaki mtu uliyefuatana naye asikie, omba kuzungumza na daktari faraghani. Hiyo ni haki yako.

Miraa, muguka, mnazi na vinginevyo

Hapa Mombasa swali hili liulizwe wazi na lijibiwe wazi. Miraa na muguka huharakisha moyo na kupandisha presha, na mtafunaji aliyekesha barazani hufika hospitali akiwa amekaukiwa maji, hajalala, moyo unapiga mbio. Dawa ya kutuliza juu ya hali hiyo haitabiriki: mara haimshiki, inaongezwa, kisha stimu zikimtoka analala kupita kiasi. Acha angalau tangu siku ya kabla, na kama ulitafuna usiku, sema. Kuahirishwa siku mbili si hasara.

Mnazi, chang'aa na pombe yoyote iachwe saa 24 kabla. Anayekunywa kila siku asiache ghafla kimyakimya bila kumwambia daktari, maana kutetemeka na degedege za kukosa pombe ni hatari kivyake. Wavutaji bangi wa kila siku mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi ili watulie. Anayekunywa methadone kwa kawaida huendelea na dozi yake, ila daktari lazima aijue. Tramadol, diazepam na dawa za kikohozi zenye codeine zinaongezea nguvu ya fentanyl. Tangawizi ya kidonge, vitunguu saumu vya kidonge, habasoda na dawa za kienyeji nazo ziandikwe. Nyingi huombwa ziachwe wiki mbili kabla.

Hakuna daktari wa usingizi anayeuliza haya ili akuripoti kwa mtu. Anauliza ili ajue asukume kiasi gani.

Maradhi ya kutaja bila kungoja kuulizwa

Kukoroma sana na kukata pumzi usingizini, hasa kwa mnene mwenye shingo ya zaidi ya sentimita 40. Huyu koo lake huziba likilegea, na ni miongoni mwa wanaoshuka oksijeni upesi. Kama una mashine ya kulalia, njoo nayo.

Selimundu, ambayo si ngeni katika familia za Pwani. Kufunga kupita kiasi, baridi ya chumba na oksijeni ndogo vyote vinaweza kuamsha maumivu. Mgonjwa wa selimundu awekwe mapema kwenye orodha, apewe maji ya mshipani, afunikwe vizuri.

Wa figo anayesafishwa damu: mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu) haudungwi na wala haupimwi presha. Taja mwenyewe, hata kama umeandikwa kwenye faili. Vilevile mimba, au uwezekano wake; mzio wa dawa au chakula chochote; na kama wewe au ndugu wa damu mliwahi kupata shida na dawa za usingizi.

Homa, kikohozi chenye makohozi mazito au malaria siku hiyo ni sababu ya kupiga simu na kuahirisha. Kwa mtoto hili ni zito zaidi. Koo lenye mafua hukaza na kufunga upesi.

Ya kuuliza hospitalini

Swali la kwanza kabisa: nani atakayeangalia pumzi yangu wakati daktari anafanya kazi yake? Jibu linalotakiwa ni mtu mwingine, aliyefunzwa, asiye na shughuli nyingine. Anayeshika kamera au koleo la meno macho yake yako huko. Hawezi pia kuutazama uso wako. Uliza kama chumbani pana oksijeni, mashine ya kufyonza mate na matapishi, mfuko wa kupumulisha kwa mkono, na dawa za kuzimua. Uliza kama pana umeme wa akiba. Maswali haya hayamtukani mtu, na daktari makini huyafurahia.

Fomu ya ridhaa isome na uitie saini kabla ya sindano, si baada. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa kwa lugha unayoifahamu, kwa hiyo omba Kiswahili ukitaka. Kama unalipiwa na SHA (bima ya afya ya serikali) au bima ya kazini, ulizia idhini siku kadhaa mapema, isije ikawa umefunga, umejiharisha usiku kucha, kisha unakaa kaunta hadi adhuhuri.

Tumbo tupu, kwa saa

Chakula kizito, chenye mafuta au nyama: saa nane kabla. Chakula chepesi, uji, na maziwa yoyote ya ng'ombe au ya kopo: saa sita. Maziwa ya mama kwa mtoto: saa nne. Kinywaji chepesi kinachopenyeza mwanga: saa mbili. Hospitali yako ikikupa saa nyingi zaidi, fuata ya kwao.

Sasa tuyalete mezani kwetu. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kizito. Mahamri yamekaangwa, nazi ni mafuta. Biriani, pilau, viazi karai, bajia, mishkaki, samaki wa kupaka, vyote saa nane. Chai ya maziwa huhesabiwa pamoja na maziwa, saa sita, hata kama ni nusu kikombe. Ndiyo inayoahirisha watu wengi kwa sababu hawaioni kuwa ni chakula. Kahawa chungu na chai ya rangi, hata zikiwa na sukari, zinaingia kwenye vinywaji vyepesi. Juisi ya embe, ya ukwaju au parachichi haziingii. Maji ya madafu yasiyo na nyama yake, uliza kwanza, na mgonjwa wa figo asiyanywe kwa kuwa yana potasiamu nyingi.

Tuseme umepangiwa saa tatu asubuhi. Kula cha jioni saa mbili usiku, kiasi, usishindilie. Usile tena. Maji unaweza kunywa mpaka saa moja asubuhi, na tunakusihi unywe: glasi moja au mbili ukiamka. Wengi hujinyima maji tangu jioni wakidhani wanatii zaidi. Kwa joto letu wanafika wamekauka, mishipa imejificha, wanadungwa mara nne kutafuta njia, na presha inashuka mara dawa inapoingia. Maji matupu hutoka tumboni haraka. Saa mbili zinatosha kwa mtu asiye na ugonjwa wa kuchelewesha tumbo.

Ukipangiwa saa nane mchana, kifungua kinywa chepesi (mkate mkavu na chai ya rangi) kiishe kabla ya saa mbili asubuhi, na maji yaishe saa sita. Siku hiyo mahamri yasubiri.

Pipi na bazoka pia ziachwe. Sigara iachwe, ikiwezekana tangu siku ya kabla.

Ramadhani ina hesabu yake. Daku huliwa karibu na saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi ni chakula cha kushiba. Aliyekula daku hilo hafai kudungwa saa mbili au saa tatu asubuhi, ingawa atajibu kwa moyo safi kwamba amefunga. Hesabu saa nane kutoka kwenye daku, utafika saa saba mchana. Kisha kuna upande wa pili: aliyefunga kutwa bila maji, akapangiwa alasiri, hukutwa na mishipa iliyonywea. Kama shughuli si ya dharura, isogeze baada ya Idi. Kama haiwezi kusogezwa, mwambie daktari umekula daku saa ngapi na umekula nini, na mambo ya saumu yenyewe muulize sheikh wako kabla ya siku hiyo.

Kama umekula kwa kusahau, sema. Hata kama ni andazi moja. Utaahirishwa kwa saa chache, au uje kesho.

Ikiwa ni kamera ya utumbo mpana

Hapa kufunga peke yake hakutoshi. Utumbo lazima uoshwe. Siku 3 kabla acha vyenye mbegu na nyuzi: maharagwe, mbaazi, kunde, mchicha, sukuma wiki, matembele, mahindi, njugu, korosho, mapera, karakara, tikiti lenye mbegu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, ugali wa unga uliokobolewa, mayai, samaki wa kuchemsha, kuku bila ngozi. Vidonge vya madini ya chuma viachwe wiki moja kabla. Huacha weusi unaoganda ukutani na kufunika kile daktari anachokitafuta.

Siku ya kabla ni vinywaji vyepesi, isipokuwa umeruhusiwa kifungua kinywa. Epuka rangi nyekundu na zambarau, kwani ndani huonekana kama damu.

Dawa ya kuoshea inayotumika sana ni unga wa polyethylene glycol unaokorogwa kwa maji, mara nyingi lita 4. Gawanya mara mbili. Lita 2 jioni, kuanzia saa kumi na mbili, glasi moja ya mililita 250 kila dakika 15, umalize saa mbili usiku. Lita 2 nyingine alfajiri: kwa shughuli ya saa tatu, anza saa kumi na umalize saa kumi na mbili asubuhi. Sehemu ya alfajiri ndiyo watu huiruka kwa usingizi, na ndiyo inayosafisha upande wa kulia wa utumbo. Ukiiruka, huenda ukarudishwa kurudia yote. Iweke kwenye friji, uinywe kwa mrija, ufuatishe funda la maji. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa kisha endelea.

Jambo moja la nyumba zetu: jaza mitungi na ndoo za maji mchana. Usiku huo utakwenda chooni mara nyingi, na mfereji ukikauka saa sita usiku utateseka. Weka pia mafuta mazito ya kupaka sehemu hiyo isichubuke. Maji ya chumvi na sukari (ORS) yasiyo na rangi yanasaidia kichwa kisizunguke.

Umesafika pale kinachotoka kinapokuwa maji ya manjano yanayoonyesha chini ya choo. Kikiwa bado cha kahawia au kina vipande, piga simu hospitali kabla ya kutoka nyumbani. Usinunue chumvi za kuharisha za fosfeti dukani kwa hiari yako, hasa kama una figo dhaifu, moyo, au umri umekwenda.

Asubuhi yenyewe

Oga, lakini usijipake mafuta ya nazi wala losheni mikononi na kifuani. Plasta ya kushikilia sindano na vibandiko vya moyo havishiki kwenye mafuta, na jasho likiongezeka sindano inachomoka. Udi na manukato viache. Chumba ni kidogo na wapo wenye pumu.

Kina mama na kina dada: kipimo cha oksijeni hubanwa kidoleni na hupitisha mwanga mwekundu kwenye ukucha. Piko jeusi huzuia mwanga huo, na rangi nzito ya kucha pia. Kama una harusi wiki hiyo, acha angalau vidole viwili vya mkono mmoja bila piko, au mwambie nesi mapema atumie ndewe ya sikio. Hina nyekundu kwa kawaida haina shida. Kumbuka miguu nayo huwa imepambwa, kwa hiyo kidole cha mguu si akiba ya uhakika.

Vaa nguo pana ya kukunjika mikono hadi juu ya kiwiko: dera, shati la vifungo, kikoi. Chukua leso ya kujifunika. Vyumba vina baridi. Ukihitaji kubaki na mtandio, omba. Hairuhusiwi tu kubanwa kwa pini za chuma karibu na shingo. Kipini cha pua, bangili na pete vibaki nyumbani. Meno ya bandia yatolewe na jino linalotikisika litajwe, kwa sababu likitoka linaweza kuingia njia ya hewa. Lenzi za macho zitolewe.

Fuatana na mtu mzima atakayekaa hadi mwisho, si wa kukushusha langoni na kurudi dukani Marikiti. Bila yeye shughuli isifanyike. Ukitoka Likoni au Kusini, hesabu foleni ya feri. Ukitoka Kisauni, hesabu daraja la Nyali asubuhi. Fika saa moja kabla. Mtu aliyekimbia na kupanda ngazi akihema presha yake huonekana juu bure.

Anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kabla ya kuingia. Akishazinduka vizuri, kwa midazolam, fentanyl na propofol za mara moja, kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha bila kumwaga maziwa. Mtoto ashikwe na mtu mwingine, mama asilale naye akiwa mzito wa usingizi.

Ndani ya chumba

Nesi atakuuliza jina, shughuli, mzio, na mara ya mwisho kula na kunywa. Utaulizwa tena na mwingine. Jibu sawasawa kila mara. Utatiwa kanyula (mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani) mkononi, utabandikwa waya za moyo, mkanda wa presha unaojibana kila dakika 5, na mirija miwili ya oksijeni puani. Kwa kamera ya tumbo utapuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu, na utahisi kama huwezi kumeza. Unaweza.

Propofol huchoma mshipani kwa sekunde chache. Lakini ukihisi mahali pa sindano panavimba au panauma sana, sema hapo hapo. Huenda kanyula imetoka nje ya mshipa.

Yanayoharibika huwa haya. Pumzi hupungua na oksijeni hushuka: nesi atakuita jina, atakutikisa, atakuinua kidevu, ataongeza oksijeni, na mara nyingi inatosha. Presha hushuka: maji ya mshipani. Wachache, hasa watoto na wazee, midazolam huwafanya wachachamae badala ya kutulia, wakapigana na kusema hovyo. Kuwaongezea si dawa. Mara nyingi husimamishwa au huzimuliwa.

Kurudi nyumbani

Utakaa chumba cha kuamkia kati ya nusu saa na saa mbili hivi. Usiondoke mpaka umesimama bila kuyumba, presha imetulia na hutapiki. Kama ulipewa dawa ya kuzimua, ukae saa mbili kamili na zaidi, kwa sababu flumazenil huisha kabla ya midazolam na usingizi unaweza kurudi njiani.

Daktari atakueleza matokeo. Utaitikia, utauliza hata maswali, na kesho hutakumbuka neno. Anayekusindikiza ndiye asikilize na kuandika: wamepata nini, wamekata kipande kwa uchunguzi au la, majibu lini, na dawa za damu zianze tena siku gani.

Boda boda hapana. Tuktuk ni sawa ukikaa katikati au upande wa ndani na mwenzio akushike. Teksi ni bora. Wa Likoni asishuke mteremko wa feri kwa miguu kwenye msongamano. Pandeni na gari.

Kwa saa 24: usiendeshe chombo chochote, usishike mashine, usipike kwenye jiko la mkaa wala mafuta ya moto, usiogelee, usitie saini mkataba, usibaki peke yako na mtoto mchanga. Na simu: usitume pesa kwa M-Pesa, usimpe mtu namba ya siri, usijibu anayejidai ametuma kimakosa. Unaweza kuonekana mzima kabisa, ukazungumza vizuri, ukatuma elfu ishirini na usijue asubuhi zimekwenda wapi. Mwachie mwenzio simu.

Kama koo lilipigwa ganzi, ngoja kama saa moja, kisha jaribu funda dogo la maji ya baridi. Likishuka bila kupaliwa, fuatisha uji mwepesi au chai. Biriani iwe ya kesho. Gesi na tumbo kujaa baada ya kamera ya utumbo ni kawaida. Tembea taratibu ndani ya nyumba. Mshipa ukiwa mwekundu na mgumu kidogo, weka kitambaa cha maji ya vuguvugu.

Rudi hospitali mara moja, usingoje asubuhi, ukipata kifua kubana au pumzi kuwa fupi, homa na kikohozi ndani ya siku mbili (huenda kuna kilichoingia mapafuni), tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, kutapika damu, choo cheusi cha kunata au damu nyingi chooni, au mkono uliodungwa ukivimba hadi juu ya kiwiko. Na mtu aliyelala jioni hiyo akawa haamki kwa kuitwa na kutikiswa, au anakoroma kwa kukatakata pumzi, mlazeni kiubavu, muinueni kidevu, na muwahisheni kwenye idara ya dharura iliyo karibu, mkiwa na karatasi aliyopewa inayoonyesha dawa alizodungwa na saa zake.